Mkaa au Gesi? Hesabu ya Joto la Nyama Choma

Jioni inapoingia Maili Moja, Kibaha, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, majiko ya nyama choma huanza kuwashwa. Mkaa unaowaka humo umetokana na miti, na kwa miaka mingi sehemu ya miti hiyo imekuwa ikikatwa katika misitu ya Mkoa wa Pwani, ukiwamo Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini unaoenea katika wilaya za Kisarawe na Kibaha. Siku hizi mitungi ya gesi nayo huuzwa madukani. Hivyo mchoma nyama, mama wa nyumbani na mpishi wa shule wanakabiliwa na swali moja: lipi lililo bora, mkaa au gesi?

Wengi hulijibu kwa ulimi, wakisema kuwa nyama ya mkaa ni tamu zaidi. Wengine hulijibu kwa kuangalia mfuko. Majibu yote mawili yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Yafaa kwanza kulifuata joto tangu linapoanzia hadi linapoingia katika chakula, na kuona ni kiasi gani kinachopotea njiani.

Mti unavyogeuka mkaa

Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyatia moto na kuacha matundu machache ya hewa. Hilo ndilo tanuri la udongo. Sehemu ndogo ya kuni huungua ili kuzipasha moto zile nyingine. Kwanza maji yaliyomo katika kuni hutoka kwa mvuke. Joto likifika karibu nyuzi 280 za Selsiasi, kuni huanza kuvunjika zenyewe na kutoa moshi, lami na gesi zinazoweza kuwaka. Kati ya nyuzi 400 na 500, kinachobaki zaidi ni kaboni, yaani mkaa.

Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 16 hivi, na kilo moja ya mkaa ina megajuli 30 hivi. Kwa kutazama tarakimu hizo mtu aweza kudhani kuwa tanuri limeongeza nishati. Sivyo. Tanuri la kawaida la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tukichukua kilo 15, kilo moja ya mkaa hudai kilo 6.7 za kuni, zenye megajuli 107. Zinazofika sokoni ni megajuli 30. Zaidi ya theluthi mbili zimepotelea msituni kwa moshi kabla ya jiko kuwashwa.

Kuni mbichi huzidisha hasara hiyo, kwa maana kila kilo ya maji hula megajuli 2.3 hivi ili kugeuka mvuke.

Mkaa unavyowaka

Hewa ikiwa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi:

C + O2 → CO2

Hewa ikiwa haba, hutokea kaboni monoksaidi:

2C + O2 → 2CO

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Katika njia ya kwanza, kila moli ya kaboni hutoa kilojuli 394. Katika njia ya pili hutoa kilojuli 111 tu. Basi jiko lililozibwa na majivu hupoteza joto, na papo hapo huzalisha sumu. Miali midogo ya buluu ionekanayo juu ya makaa ni kaboni monoksaidi inayoungua baada ya kupata hewa.

Gesi ya mtungi

Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo hushindiliwa hadi zikawa kimiminika. Haifai kuichanganya na gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kutumika kuzalishia umeme mwaka 2004. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani. Propani huungua hivi:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa megajuli 45 hivi. Mlingano huo waonyesha jambo jingine pia: kilo moja ya propani ikiungua huzaa kilo 1.6 za maji kwa namna ya mvuke. Kwa hiyo hewa inayotoka katika moto wa gesi ina unyevu kuliko ile ya makaa.

Utamu watoka wapi?

Makaa mekundu, yenye joto la nyuzi 700 na zaidi, hutoa mnururisho mkali unaoipiga nyama moja kwa moja. Mwali wa buluu wa gesi hunururisha kidogo tu. Ndiyo maana majiko ya gesi ya kuchomea nyama hutiwa vibao vya chuma au mawe juu ya mwali, ili vipate moto na kunururisha badala ya makaa.

Rangi ya kahawia na harufu nzuri hutokea uso wa nyama unapokauka na kupita nyuzi 140 hivi, ambapo protini na sukari huathiriana. Mwanakemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard alieleza athari hiyo mwaka 1912. Harufu nyingine huletwa na mafuta yanayodondoka juu ya makaa au vibao vya moto na kurudi kama moshi. Mkaa wenyewe, ukiisha kushika vizuri, hauna harufu kubwa, kwa kuwa vitu vyenye harufu vilitoka tanurini. Basi sehemu kubwa ya utamu unaosifiwa ni kazi ya joto kali na mafuta ya nyama yenyewe. Lakini moshi wa mafuta ukizidi, huipaka nyama kemikali zinazoweza kusababisha saratani, iwe imechomwa kwa mkaa au kwa gesi.

Hesabu kutoka mtini hadi chunguni

Tuseme sufuria yahitaji megajuli 10 za joto. Jiko la bati la kawaida hufikisha chunguni asilimia 20 hivi ya nishati ya mkaa, jiko lenye kifuko cha udongo wa kuchomwa asilimia 30, na jiko la gesi asilimia 50. Tanuri la kawaida lina mavuno ya asilimia 15, na tanuri lililoboreshwa kwa dohani asilimia 25.

(a) Tanuri la kawaida na jiko la bati: mkaa kilo 1.67, kuni kilo 11.1.
(b) Tanuri la kawaida na jiko la udongo: mkaa kilo 1.11, kuni kilo 7.4.
(c) Tanuri lililoboreshwa na jiko la udongo: mkaa kilo 1.11, kuni kilo 4.4.
(d) Jiko la gesi: gesi kilo 0.44, bila kuni.

Ni dhahiri kuwa gesi huuacha mti umesimama. Lakini ni dhahiri vilevile kuwa tanuri na jiko bora vyaweza kupunguza kuni kwa zaidi ya nusu, hata pale ambapo gesi haijafika.

Hatari za kila upande

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hasa usiku.

Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Hutiwa dawa yenye harufu kali ili ijulikane. Harufu hiyo ikisikika, funga mtungi, fungua milango, wala usiwashe kiberiti au taa.

Kuchagua

Kwa chungu cha kila siku, gesi ina nafuu kubwa ya misitu na ya mapafu ya mpishi. Kikwazo ni malipo: mtungi mdogo wa kilo 6 hulipiwa kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa fungu au kopo kulingana na fedha iliyopo siku hiyo. Mwenye kipato kidogo hachagui mkaa kwa ujinga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litategemea sana jinsi kikwazo hicho kitakavyoondolewa.

Kwa nyama choma, mkaa una sifa yake ya mnururisho, wala si kosa kuutumia, mradi kuni zikaushwe, tanuri liwe bora, na miti ikatwe kwa kadiri inavyoweza kuota tena. Mti huchukua miaka mingi kukua, na mshikaki huiva kwa dakika chache. Anayechagua moto yampasa aikumbuke miaka hiyo.

Jaribio

Fanyeni nje, penye hewa. Pimeni mkaa, uwasheni, kisha pasheni kilo 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Joto lililoingia majini ni 2 × 4.2 × 75 = kilojuli 630. Zimeni mkaa uliobaki kwa kuunyima hewa, upimeni tena. Ikiwa zimetumika gramu 120, nishati yake ni kilojuli 3,600, na ufanisi wa jiko ni asilimia 17.5.

Maswali

1. Kwa nini kupepea makaa huongeza joto?
2. Uzito wa moli ya propani ni gramu 44 na wa hewa ni 29 hivi. Eleza kwa nini tundu la kutolea gesi iliyovuja lifaa kuwa chini ya ukuta.
3. Rudieni hesabu (a) kwa mavuno ya tanuri ya asilimia 10. Je, kilo ngapi za kuni zitahitajika?