Wikendi ya Maji Moto Kando ya Ziwa

Swali: Mimi na mke wangu, wakazi wa Kebirigo, tumeona picha za watu wakioga maji moto kando ya bahari huko Atami, Japani. Je, kuna mahali kama hapo karibu nasi?

Jibu: Papo, ndugu yangu, huko Homa Bay. Piteni Nyamira hadi Kisii, mpande matatu ya Oyugis, kisha Kendu Bay. Mbele kidogo ni milima ya Homa, mabaki ya volkano ya kale yaliyochomoza kwenye Ghuba ya Winam. Chini yake, kama pale Bala, maji hutoka ardhini yakifuka mvuke na kuacha magadi meupe ambayo ng'ombe huyalamba. Hakuna mabafu ya hoteli. Tafuteni mwenyeji awaonyeshe yanakopoa, ndipo muoge. Kwenye jicho lenyewe la chemchemi mtaungua. Msiyanywe, yana floraidi nyingi.

Laleni Kendu Bay, mle samaki, na asubuhi mlizunguke Ziwa Simbi kwa miguu. Mkibahatika mtawaona heroe. Chemchemi za Ziwa Bogoria ziacheni kwa likizo ndefu: ziko mbali, na maji ya zile za Loburu yanatokota.