Blakiberi yenye majani tele bila matunda

*Nina miche minne ya blakiberi isiyo na miiba, aina ya Navaho, hapa Morogoro. Huu mwaka wa tatu naona majani tu. Je, niongeze mbolea? — Msomaji, Morogoro*

Mbolea itazidisha majani tu. Mmea wenye afya usiotoa maua kwa kawaida umekosa baridi. Navaho, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, huzaa kwenye matawi ya mwaka wa pili, na macho yake hayafunguki sawasawa mpaka yapate mamia ya saa za ubaridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Morogoro haina baridi hiyo, hata Julai.

Dawa ni kubadili aina. Prime-Ark Freedom, nayo haina miiba, huzaa kwenye ncha za matawi ya mwaka huohuo, hivyo haingoji baridi. Tawi jipya likifika kiunoni, ncha yake hukatwa kwa kucha ili lichipue matawi ya pembeni. Huko ndiko maua hutokea. Tatizo lake ni joto. Maua yakikutana na nyuzi 30 na zaidi, tunda hutoka na punje chache, kama lililong'atwa. Kwa hiyo ukataji upangwe ili maua yaje kati ya Juni na Agosti, na mmea upate kivuli cha alasiri.

Maji yasituame, maana mizizi huoza. Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu: bwana shamba aitwe kabla ya kunyunyiza chochote.