Baiskeli, Korongo na Boti: Vidokezo vya Siku Moja Naivasha

Katika mbuga nyingi za Afrika Mashariki, ukishuka tu kwenye gari askari wa wanyamapori anakurudisha ndani. Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, mambo ni tofauti. Unaingia langoni ukiwa juu ya baiskeli, unapita kati ya punda milia na twiga bila kioo cha dirisha kati yenu, unashuka kwa miguu kwenye korongo la Ol Njorowa, na jioni uko ndani ya boti ukiwatazama viboko. Ni siku moja tu, kilomita kama 90 kutoka Nairobi, na haihitaji mwanariadha.

Ziwa, korongo na barabara unayoendeshea baiskeli vina historia moja. Maelfu ya miaka iliyopita Naivasha lilikuwa kubwa na la kina zaidi kuliko leo, na maji yake yalimwagikia kusini kupitia Hell's Gate, yakalichimba korongo. Basi hata ratiba yako ipange kwa kuangalia maji. Korongoni uingie na kutoka kabla mvua haijafika, na ziwani uwahi kabla upepo haujashika kasi. Mengine yote ni rahisi.

1. Jua likukute langoni

Lango la Elsa hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za mwanzo ndizo tamu kuliko zote. Hewa ni baridi, vumbi limetulia, na wanyama bado wanakula karibu na barabara. Ukiweza, lala Naivasha usiku wa kuamkia safari. Ukitoka Nairobi siku hiyohiyo, ondoka saa kumi alfajiri. Asiye na gari apande matatu hadi mjini Naivasha, kisha achukue nyingine inayopita Moi South Lake Road na kumwomba kondakta amshushe njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli za kukodi zipo hapo njia panda, na langoni pia.

2. Lipa ukiwa nyumbani

Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen. Maliza jambo hilo usiku, simu ikiwa na chaji na mtandao ukiwa mzuri. Beba kitambulisho, kwa sababu raia na mgeni hawalipi sawa.

3. Baiskeli haichaguliwi kwa rangi

Dakika tano za ukaguzi ndizo zitakazoamua kama utafika korongoni ukicheka au ukiisukuma. Nyanyua gurudumu la mbele ulizungushe. Likiyumba au likikwaruza breki, omba nyingine. Bana breki ya mbele peke yake huku unaisukuma baiskeli, kisha ya nyuma, na kila moja ikamate sawasawa. Pitia gia zote hapohapo mbele ya mwenye baiskeli, kwa maana cheni inayoruka kwenye tambarare itakusumbua zaidi kwenye mlima wa kurudi. Halafu tandiko: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, urefu ni sawa. Tandiko likiwa chini mno, magoti yataanza kuuma kabla hujamaliza nusu ya safari.

Omba pampu, viraka na namba ya simu ya mwenye baiskeli. Migunga ya hapa ina miiba mirefu, na pancha ni jambo la kawaida. Uliza pia kofia ngumu ya kuvaa kichwani. Wengine wanazo ila hawazitoi mpaka waombwe.

4. Mzigo uwe mwepesi, maji yawe mengi

Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi utahitaji sweta na saa sita mchana jua litakuwa kali kuliko unavyodhani. Vaa kofia, viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, na suruali usiyoionea uchungu ikichafuka. Maji yasipungue lita mbili kwa kila mtu, katika chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, na hiyo ni pamoja na zile chupa za maji za dukani.

5. Endesha kama mtu asiye na haraka

Kutoka lango la Elsa hadi korongoni ni kilomita kama nane, nyingi zikiwa tambarare au mteremko mdogo. Mtu anaweza kuzimaliza kwa nusu saa. Usifanye hivyo. Hapa ndipo penye wanyama, na baiskeli ndiyo inayokupa nafasi ya kuwasikia.

Muda mfupi baada ya lango utaliona jabali la Fischer's Tower, mita 25 kwenda juu, mabaki ya volkano yaliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika eneo hili mwaka 1883. Simama hapo. Chini ya jabali, pimbi huota jua juu ya mawe na hawana woga sana. Ukikaa kimya utawaona wakipanda ukuta uliosimama wima bila hata kuteleza. Inua macho kwenye kuta nyekundu zilizo pande zote za bonde, ambako tai na tumbusi hutaga kwenye vishubaka vya mawe. Miteremko inanuka leleshwa, kichaka cha majani ya kijivu. Vunja jani moja ulifikiche mkononi, utasikia harufu ya kafuri.

Mbele zaidi kuna punda milia, kongoni, swala tomi, pofu, ngiri na twiga. Punda milia akikuona huinua kichwa, hutega masikio, na akishaelewa kwamba unapita tu, hurudi kwenye nyasi zake. Ukimfukuza ili upate picha, kundi zima litatimka, na yule anayekuja nyuma yako atakuta vumbi. Ukitaka kupiga picha, shuka kwenye baiskeli, simama kando ya barabara, ungoje. Mara nyingi wanyama wenyewe husogea.

Tahadhari moja ya barabara: sehemu nyingine ni majivu ya volkano, laini kama unga, na gurudumu la mbele huzama ghafla. Ukifika hapo usikate kona wala usibane breki ya mbele. Sogeza uzito nyuma kidogo, uendelee kukanyaga pedali taratibu mpaka utoke.

6. Nyati apewe nafasi yake

Hell's Gate haijulikani kwa simba, na ndiyo sababu moja ya watu kuruhusiwa kutembea. Nyati wapo, tena wa kutosha. Kundi likiwa mbali na barabara, pita kwa utulivu bila kusimama karibu. Likiwa barabarani, simama ukiwa mbali, subiri wenzako wafike muwe pamoja, au subiri gari lipite muongozane nalo. Wa kuogopwa zaidi ni dume aliye peke yake, hasa akiwa amelala kwenye kichaka ambako humwoni mpaka umefika. Kwa hiyo usiache barabara kwenda kichakani, hata kwa haja ndogo. Ngoja ufike penye vyoo.

7. Korongoni, anga ndiyo inayoamua

Sehemu ya kupumzikia juu ya korongo ndipo unapofunga baiskeli na kuanza kutembea. Funga pia chakula chako. Nyani wa pale wanajua zipu, na mfuko wa mkate ulioachwa juu ya meza haumalizi dakika.

Ol Njorowa ni nyembamba, na kuta zake zimelainishwa na maji mpaka zina mikunjo ya mviringo. Mahali pengine unashuka kwa kuweka mguu kwenye vijishimo vilivyochongwa katika mwamba, mkono ukishika ukingo, huku mwongozaji akiwa chini anakuonyesha pa kukanyaga. Kwingine maji ya moto yanavuja ukutani. Yajaribu kwa ncha ya kidole kwanza, maana mengine yanaunguza. Joto hilo ndilo linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, jirani kabisa, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981. Mvuke wake utauona ukipanda juu ya vilima.

Sasa sikiliza vizuri. Korongo hili limeua. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakumba vijana waliokuwa matembezini, na Septemba 2019 watu saba walisombwa wakafa. Hatari yake ni kwamba mvua haihitaji kunyesha juu ya kichwa chako. Inanyesha kwenye vilima vya mbali, maji yanakusanyika kwenye mikondo, yanaingia kwenye mfereji huu mwembamba, na mtu aliye chini hana pa kukimbilia kwa sababu kuta ni wima.

Basi fanya haya. Ingia na mwongozaji wa hapo, hata kama unajiona mzoefu. Wengi wao ni vijana wa jamii ya Wamaasai waliokulia katika eneo hili, na wanaijua kila njia ya kutokea. Muulize kabla hamjashuka: tukisikia maji, tunatokea wapi? Asiyekuwa na jibu la moja kwa moja, tafuta mwingine. Ingia asubuhi, kwa kuwa mvua za huku hupenda mchana na jioni. Ukiona wingu zito upande wowote, au maji ya chini yakigeuka rangi, panda juu bila kujadiliana. Na askari wa KWS akisema korongo limefungwa, usitafute wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Pesa yoyote utakayompa mtu wa hivyo ni ya kununua hatari yako mwenyewe.

8. Korongo likifungwa, siku haijaharibika

Tembea Crescent Island badala yake. Ni hifadhi ya binafsi ziwani, unaweza kuifikia kwa boti, na hakuna wanyama wakubwa wanaowinda, kwa hiyo unatembea kwa miguu katikati ya twiga, nyumbu, kuro na punda milia. Sehemu za filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 zilipigwa hapo. Kwa familia yenye watoto wadogo, mimi ningepachagua hapa kuliko korongo hata siku ya jua kali. Kaa tu mbali na kingo za maji na matete, ambako viboko hujificha.

9. Weka akiba ya nguvu

Mteremko uliokufurahisha asubuhi utaupanda ukirudi, jua likiwa utosini. Ondoka korongoni ukiwa bado na maji nusu chupa. Pakiwa pagumu, shuka usukume. Kisha ule vizuri. Kwenye fuo za umma kama Karagita na Kamere utapata samaki wa kukaanga na ugali, na baada ya kilomita kumi na sita za baiskeli hutahitaji kuhimizwa.

10. Boti: patana kwanza, panda baadaye

Bei hupatanwa kwa boti nzima au kwa kichwa, na kwa saa. Uliza vyote vitatu kabla hujaweka mguu ndani: ni kiasi gani, ni muda gani, na tunafika wapi. Nahodha mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Kila mtu, mtoto na mkubwa, avae jaketi la kuokolea maisha na alifunge kamba zote. Jaketi la kukalia halimwokoi mtu. Boti ikijazwa kupita viti vilivyomo, subiri nyingine.

Tazama maji kabla ya kulipa. Mchana upepo huinuka na ziwa linaweza kuchafuka kwa muda mfupi. Ukiona mawimbi yenye povu jeupe katikati, omba mzunguko wa karibu na ufuo au uahirishe. Na kama umelala Naivasha, hakuna ubaya kugeuza ratiba ukaanza na boti alfajiri siku ya pili, ziwa likiwa limetulia kabisa.

Tangu maji yapande katika miaka ya karibuni, migunga mingi ya ufukweni imezama na kukauka ikiwa imesimama. Boti hupita katikati ya vigogo hivyo polepole, na ndiko kuzuri zaidi kwa ndege: minandi wamejaa matawini wakianika mabawa, mwari wanaelea kwa makundi, mdiria anaganda hewani kabla ya kujitupa majini. Kwa viboko, mwombe nahodha asisogee. Kiboko akizama, hujui ataibukia wapi, na boti ndogo haishindani naye.

11. Furukombe anajua kuvua

Manahodha wengine hupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki aliyechomekwa kipande cha funjo tumboni ili aelee, ndege ashuke upate picha. Mwambie nahodha wako mapema, kwa heshima, kwamba huhitaji. Funjo si chakula cha tai, na ndege aliyezoea mluzi huacha kazi yake. Zimeni injini chini ya mti aliotua, mkae kimya. Akiruka mwenyewe kwa ajili ya samaki aliyemwona mwenyewe, utamwona anavyonyoosha makucha mbele sekunde ya mwisho.

12. Chagua mwezi, na uheshimu saa

Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo miezi yenye ukavu wa kutegemewa zaidi. Machi hadi Mei na wakati wa vuli, piga simu kwanza uulize hali ya korongo. Mwongozaji na nahodha waliokuhudumia vizuri wape asante ya mkononi, na uwataje kwa wenzako watakaokuja.

Boti irudi ufukweni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo viboko hutoka majini kwenda kula nyasi, na hupita hapohapo watu wanapopenda kusimama kutazama machweo. Ukishashuka, usitembee kando ya maji. Nenda moja kwa moja kwenye gari au stejini.