Kupanda Mche ni Mwanzo tu: Mambo Yanayoamua Ukuaji wa Miti Maeneo Kame

Kenya inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hata hivyo, mche uliopandwa Novemba ukakauka Februari hauongezi msitu. Kwa mkulima wa Kitui na maeneo mengine kame ya Ukambani, mambo haya matano ndiyo huamua kama mche utakuwa mti.

1. Aina ya mti na mahali. Mukau hustahimili mvua kidogo, lakini hauvumilii udongo unaotuamisha maji. Mkaratusi hutumia maji mengi, kwa hivyo usiupande karibu na chemchemi wala kingo za mto.

2. Afya ya mche. Chagua wenye shina imara, uliozoeshwa jua kwa kupunguziwa maji na kivuli kidogo kidogo kitaluni. Ondoa mfuko wote unapopanda. Ukiubakiza, mizizi hujizungusha humo na mti hudumaa.

3. Shimo na maji. Chimba mapema, sentimita 60 kwa upana na kina. Tenga udongo wa juu, uchanganye na samadi iliyooza, kisha uurudishe kwanza. Acha kibonde cha kukinga maji. Panda udongo ukishalowa vizuri mwanzoni mwa mvua za vuli, Oktoba au Novemba, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi.

4. Magugu na mchwa. Nyasi hunyang'anya mche maji. Palilia kuuzunguka na utandaze nyasi kavu, lakini zisiguse shina, kwani huvuta mchwa.

5. Mifugo. Mbuzi wachache wanaweza kumaliza kazi ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Weka uzio wa miiba, na mkubaliane na majirani kuhusu malisho kabla ya kupanda.

Kwenye ardhi iliyochakaa, chunguza kwanza kama kuna visiki hai. Ukizuia mifugo na kupunguza machipukizi ukabakisha yenye nguvu, miti ya asili hurudi bila kununua mche hata mmoja, tena ikiwa na mizizi iliyokwisha kushika.

Mwishoni mwa kiangazi, Septemba, hesabu miche iliyo hai, tafuta kilichoua mingine, kisha ujazie mapengo mvua zikianza. Ni afadhali miti 20 iliyotunzwa kuliko 200 iliyosahauliwa. Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo au wa misitu katika wadi yako.