Tuhesabu Omu Kabla ya Kuongeza Spika

Katika mitaa mingi imekuwa desturi kwamba watu wa nyuma wakilalamika hawasikii, spika huongezwa. Huletwa ya tatu, kisha ya nne, zikaungwa pale pale zilipo za kwanza, na sauti hutoka. Lakini siku ya sikukuu, watu wamejaa hadi nje, amplifaya hunyamaza na harufu ya kuungua husikika. Fedha zilizochangwa kwa miezi mingi zimepotea. Katika somo hili tutaona sababu yake, na jinsi ya kujikinga kwa hesabu ndogo tu.

Nyuma ya spika huandikwa namba kama 4, 8 au 16 pamoja na alama Ω. Hizo ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Omu zikiwa nyingi, umeme hupita kidogo. Zikiwa chache, hupita mwingi. Amplifaya nayo huandikwa kiwango cha chini inachostahimili, mara nyingi omu 4. Ikitoa volti 20, omu 8 huvuta ampea 2.5, omu 4 huvuta 5, na omu 2 huvuta 10. Hapo ndipo transista huchemka na kuungua.

Sasa tutazame njia tatu za kufunga.

Ya kwanza ni sambamba: alama + zote pamoja na − zote pamoja. Mfano wake ni pipa la maji: tukifungua bomba la pili, maji hutoka maradufu. Spika mbili za omu 8 huwa omu 4, na nne huwa omu 2. Spika nne namna hii ni hatari.

Ya pili ni mfuatano: − ya spika moja huungwa na + ya inayofuata. Hapa omu hujumlishwa. Mbili za omu 8 huwa 16. Amplifaya ya transista haitadhurika, ila nguvu itapungua.

Ya tatu ni kuchanganya. Tufunge spika mbili kwa mfuatano, na nyingine mbili vivyo hivyo, kisha jozi hizo mbili tuziunge sambamba. Spika nne za omu 8 zitarudi kuwa omu 8, na amplifaya itafanya kazi kwa amani.

Tukumbuke pia kwamba spika nyingi haziongezi nguvu ya amplifaya, bali huigawana. Faida yake ni kuipeleka sauti karibu na wasikiao. Basi ziwekwe walipo watu, wala zisirundikwe mbele. Alama + na − zisigeuzwe, maana spika moja ikisukuma hewa na jirani yake ikivuta, sauti nzito hupotea.

Waya nao una ukinzani. Spika ikiwa mita 30 mbali, umeme husafiri mita 60 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 utakuwa na omu 1.4 hivi, na kwa spika ya omu 8, karibu sehemu moja kati ya saba ya nguvu huishia njiani. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza kama sehemu moja kati ya ishirini tu.

Kwa honi za mbali, njia bora ni amplifaya yenye tundu la volti 100, na kila honi iwe na transfoma yake. Hapo zote hufungwa sambamba, nasi huhesabu wati badala ya omu: jumla ya wati za honi isizidi wati za amplifaya. Spika ya kawaida ya omu 8 isiungwe kamwe katika tundu hilo.

Kabla ya kugusa waya wowote, tuzime amplifaya.

Maswali ya kujipima

1. Spika tatu za omu 8 zikifungwa sambamba, je, amplifaya ya omu 4 itastahimili?

2. Tuna honi tano za wati 15 na amplifaya ya volti 100 yenye wati 60. Tufanyeje?

Majibu

1. Hapana. Nane kwa tatu ni omu 2.7 hivi.

2. Jumla ni wati 75, nazo zimezidi. Tuondoe honi moja, au kama transfoma zinaruhusu, kila honi tuiweke kwenye wati 10.