Picha kama Ushahidi: Kunakili Maandishi ya Milango na Alama za Majengo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mtafiti apitaye na kamera katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hukuta maandishi ya kale juu ya milango, katika kuta za misikiti na juu ya maduka ambayo wenyewe wa awali wamekwisha kutoweka. Aghalabu maandishi hayo hupigwa picha kwa ajili ya uzuri wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maandishi hayo ni matini, na kwamba picha yake haiwi ushahidi wa kitaaluma mpaka ibainishe mambo mawili: yalivyoandikwa na mahali yalipo.

2.0 Kusomeka kwa Maandishi

Katika baadhi ya milango, kizingiti cha juu kimechongwa mwaka wa Hijria kwa tarakimu za hati ya Kiarabu. Katika hati hiyo sifuri ni nukta tu. Ikizibwa na rangi, mwaka 1300 huweza kusomeka 13. Aidha, mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja. Kwa hiyo picha ipigwe wakati mwanga unapotoka ubavuni, ili vivuli vidhihirishe michongo. Taa ya kamera imulikayo kutoka mbele hufuta vivuli hivyo. Kamera nayo ikabiliane sawasawa na ubao, kwani picha iliyopigwa kutoka chini hupotosha umbo la herufi.

Hata mwaka ukisomeka vema, kuugeuza kunahitaji hadhari. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882 ukaishia Novemba 1883. Bila ya kujua mwezi, mtafiti hana budi kuandika 1882/83.

3.0 Maandishi na Jengo

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba tarehe ya mlango ndiyo tarehe ya nyumba. Milango ya thamani ilihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mingine iliuzwa ng'ambo. Mfano mashuhuri wa hitilafu ya namna hii uko nje ya mji, katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja: kibla chake kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ilhali msikiti wenyewe ulijengwa upya katika karne ya 18. Picha ya maandishi peke yake isingeweza kufichua jambo hilo.

Kwa upande mwingine, alama ya jengo huweza kuipa picha tarehe. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, na mbele yake palikuwa na mnara uliosimama peke yake. Mnara huo uliharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa jengo. Basi picha ionyeshayo mnara huo mpya haiwezi kuwa ya kabla ya mashambulizi hayo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Tangu siku hiyo, picha za zamani zimekuwa miongoni mwa mashahidi wakuu wa sehemu iliyoanguka.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza kila maandishi yapigwe picha tatu: ya kichochoro, ya mlango mzima na ya maandishi yenyewe, huku rula ikionyesha ukubwa wake. Daftarini ziandikwe tarehe, saa, mtaa na upande ambao mlango unaelekea. Zaidi ya hayo, mtafiti apige hodi. Nyumba ni stara ya watu, na ruhusa ni wajibu. Tena, mwenyeji aliyeketi barazani huenda akajua mlango ulitoka wapi na uliletwa lini. Habari hiyo haionekani katika picha, na asipoulizwa leo itapotea hata kama mlango utabaki.