GTA ya watoto ipo?

*Mwanangu ana miaka 11. Anacheza GTA Online kwa akaunti ya binamu yake. Juzi nilivaa hedifoni zake nikasikia mwanaume mzima akiporomosha matusi. Kwa nini wenye gemu wasiweke sehemu ya watoto?*
*Mama K., Morogoro*

Mama K., pole. Hata mimi ningeshtuka.

Ila matusi ndiyo sehemu ndogo. Gemu hii Ulaya ina alama ya 18, Marekani 17, kwa sababu ya kilichomo: damu, ujambazi, klabu za wacheza uchi. Ukiviondoa hivyo, yanabaki magari. Ipo hali ya kucheza bila kupigwa risasi na wachezaji wengine, upo pia mchezo wa walioalikwa tu. Vurugu zinapungua, gemu ni ileile. Kibandiko cha "watoto" kingetulaza usingizi sisi wazazi, basi.

Mfungulie akaunti yake chini ya yako, kwa tarehe ya kweli ya kuzaliwa, kisha weka kikomo cha umri. Ya binamu iwekewe namba ya siri. Fortnite, ambayo Ulaya ni ya 12, humfungia mtoto wa chini ya miaka 13 maongezi ya sauti mpaka mzazi aruhusu. Huko mnaweza kujaribu, wewe ukiwa kando yake. Usimnyang'anye tu ghafla, atahamia kwa jirani.

Mtu akimwomba picha, au akimwambia "usimwambie mama", piga picha ya skrini kabla ya kumzuia, kisha piga 116, simu ya huduma kwa mtoto.